Simiti Haikauki: Kweli na Uongo wa Mjengo wa Mawe Timau

Mchanga wa kujengea Timau hupanda Mlima Kenya. Malori huuchukua kwenye mito ya nyanda za chini za Isiolo, hukwea hadi njia panda ya Subuiga, kisha hushika barabara ya Nanyuki. Simiti hutoka mbali zaidi, Athi River au Mombasa. Mawe ndiyo yaliyo karibu, maana hii ni nchi iliyozaliwa na volkano. Vyote vikishushwa kiwanjani vimeshakula pesa nyingi ya usafiri, na mwenye mjengo mara nyingi ni mtu aliyeishi miaka mingi katika nyumba ya mabanzi, akidunduliza pesa ya viazi, ya ngano au ya mshahara wa shamba la maua. Uongo wa mjengo hula akiba hiyo, na wengi hawana nyingine. Kwa hiyo nimechukua maneno yanayosemwa sana kiwanjani, na mtu wa mkono, na fundi, na hata na jirani aliyepita kusalimu, nikayapima. Mengi ni uongo. Machache ni kweli kabisa na yanastahili kutetewa.

“Ukizidisha simiti, ukuta unazidi kuwa imara.”

Si kweli. Mota ina kazi tatu: kulipa jiwe mahali sawa pa kulala, kuziba nafasi, na kusambaza uzito kutoka jiwe hadi jiwe. Mota iliyojaa simiti kupita kiasi hunywea inapokomaa, na ikinywea hupasuka au hujibandua kwenye jiwe. Tena, msingi ukitulia kidogo, kama kila msingi unavyotulia, ufa hutafuta mahali palipo dhaifu. Mota ikiwa dhaifu kidogo kuliko jiwe, ufa hupita kwenye kiungo, na kiungo huzibwa kwa mwiko asubuhi moja. Mota ikiwa ngumu kuliko jiwe, jiwe lenyewe hupasuka, na hapo hakuna mwiko utakaosaidia.

Kwa kuta za kawaida za nyumba isiyo na ghorofa, simiti moja kwa mchanga nne, tano au hata sita inatosha. Moja kwa tatu iachwe kwa ukuta wa msingi uliozikwa kwenye udongo wenye maji. Vivyo hivyo na namba iliyopigwa kwenye mfuko. 32.5 na 42.5 ni kipimo cha nguvu, yaani nyutoni kwa kila milimita mraba, simiti inapofikisha siku 28 ikipimwa maabara. Hiyo ya 42.5 ni ya zege la kubeba mzigo: slebu, nguzo, bimu. Ukiitumia kulaza mawe na kupiga lipu umelipia nguvu ambayo ukuta wako hauna kazi nayo.

“Mfuko mmoja kwa wilibaro nne ni moja kwa nne.”

Huu ndio uongo ninaouchukia kuliko wote, kwa sababu unasemwa kwa nia njema na kila mtu anauamini. Mfuko wa simiti wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi. Wilibaro iliyojazwa vizuri hubeba karibu lita 65. Wilibaro nne ni lita 260. Gawanya kwa 35, upate zaidi ya 7. Mwenye mjengo ameambiwa moja kwa nne, amelipia moja kwa nne, na ukutani imeingia moja kwa saba na zaidi. Hakuna aliyeiba. Wilibaro ndiyo iliyodanganya.

Dawa yake ni ndoo ya lita 20, ile ile ya kubebea maji. Mfuko mmoja ni karibu ndoo moja na robo tatu, kwa hiyo moja kwa nne ni mfuko mmoja kwa ndoo saba za mchanga, na moja kwa sita ni mfuko mmoja kwa ndoo kumi na nusu. Ndoo ijazwe hadi mdomoni na kusawazishwa kwa kipande cha ubao, bila mlima juu. Mafundi wa kazi kubwa hutengeneza boksi la mbao lisilo na kitako, lenye ujazo wa mfuko mmoja, wanalijaza, wanaliinua, mchanga unabaki chini umeshapimwa. Boksi hilo linagharimu vipande vichache vya mbao na misumari.

Jambo moja zaidi kwa wanaotaka kuwa makini: mchanga wenye unyevunyevu huvimba. Chembe zake hutenganishwa na maji kidogo yaliyozizunguka, na ujazo waweza kuongezeka kwa robo nzima. Mchanga ulionyeshewa jana usiku, ukiupima kwa ndoo zile zile, ni mchanga pungufu. Ongeza ndoo moja.

“Mchanga ni mchanga.”

Si kweli, na hapa mwenye mjengo hahitaji kumtegemea mtu yeyote. Chukua chupa ya plastiki inayoonyesha ndani, yenye ubavu ulionyooka. Tia mchanga hadi katikati. Koroga kijiko kidogo cha chumvi katika nusu lita ya maji, uyamimine humo hadi yaupite mchanga kwa vidole vinne, funga, tikisa kwa nguvu, weka chupa mahali isipoguswa kwa muda wa saa tatu. Mchanga utashuka kwanza, karibu mara moja. Kisha juu yake utaona tabaka laini likijijenga polepole, la rangi ya chai ya maziwa. Hilo ni tope. Pima kwa rula. Kama mchanga una kimo cha sentimita 10 na tope limezidi milimita 8 hivi, mchanga huo uoshwe au urudishwe kabla lori halijaondoka.

Tope ni adui kwa sababu huvika kila chembe ya mchanga koti jembamba, na simiti hushika koti badala ya kushika chembe. Ukuta unasimama, lipu inang'aa, na mwaka wa pili lipu inaanza kutoka kwa vipande.

Vumbi la mawe kutoka kwenye machimbo nalo lina sifa mbaya lisiyostahili. Likiwa safi na chembe zake zina ukubwa mchanganyiko, linafaa kutengenezea matofali ya simiti na hata kuchanganywa na mchanga wa mto. Kwa lipu ya mwisho huwa gumu kulainisha. Na kuna sababu nyingine ya kulipa nafasi: mchanga wa mito mikavu ya kaskazini ndio unaohifadhi maji baada ya mvua. Watu na mifugo ya huko chini huchimba humo kupata maji wakati wa kiangazi. Mto uliokombwa mchanga hadi mwambani haubaki na kitu cha kuwanywesha. Ninaamini anayejenga juu ya mlima ana deni kwa anayechota maji chini, na kila lori la mchanga tunaloweza kulipunguza ni sehemu ya kulilipa.

“Simiti hukauka, kwa hiyo jua na upepo ni rafiki.”

Uongo mkubwa. Simiti haipati nguvu kwa kukauka. Inaungana na maji kwa njia ya kikemia, na muungano huo huzalisha fuwele ndogo zinazosukana na kushikana. Ndiyo maana zege lililomwagwa chini ya maji, kama la nguzo za madaraja, hugeuka jiwe bila kuona jua. Maji yakiondoka mapema, kazi hukatika katikati na nguvu iliyobaki haipatikani kikamilifu tena.

Timau ina mitego yake. Mji uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hewa ni ya baridi, na mtu akigusa ukuta ukiwa na ubaridi hudhani bado una maji. Lakini Januari na Februari upepo wa hapa ni mkavu, unafyonza unyevu kwenye kiungo kabla fundi hajamaliza mstari wa mawe unaofuata. Na usiku wa baridi kali muungano wenyewe hupunguza mwendo, kwa hiyo siku zinazohitajika huongezeka. Kote duniani nguvu ya simiti hupimwa siku ya 28 kwa sababu hiyo: haikomai kwa haraka.

Mwagilia ukuta asubuhi na jioni kwa siku saba zisizopungua, na wakati wa baridi uende hadi kumi au kumi na nne. Upande unaopigwa na upepo ufunike kwa magunia yaliyoloweshwa au nailoni. Anza pale mota imeshashika kiasi cha kutochorwa na maji, kwa kawaida siku inayofuata. Kama unataka kujua ukuta ulitunzwaje, tafuta mahali mota imetokeza kwenye kiungo, usugue kwa kidole gumba. Ikikwaruza ngozi, ilikunywa. Ikitoa unga mkavu wa kijivu unaopeperuka, iliachwa na kiu, na mfuko mzuri wa simiti umepotea ingawa upo ukutani.

Mtu akikushauri uwashe jiko la makaa chumbani ili lipu ikauke upesi, mkatalie. Unaikosesha lipu maji, na hewa ya makaa katika chumba kilichofungwa huua watu.

Neno la haraka kuhusu maji ya kuchanganyia, kwa kuwa watu huyachanganya na ya kumwagilia. Baada ya kujenga, maji mengi ni heri. Wakati wa kukoroga zege, maji mengi ni hasara: lita 25 kwa mfuko ni kipimo kizuri, na kila kinachozidi hapo huacha vitundu kinapoondoka. Zege linalotiririka kama uji humfurahisha mwenye koleo tu.

“Mota ikianza kushika, ongeza maji uendelee.”

Si kweli. Mota itumike ndani ya saa mbili tangu kukorogwa. Ikishaanza kushika, fuwele zimekwisha kusukana, na kuikoroga upya ni kuzivunja. Fundi akoroge kidogo kidogo. Iliyobaki baada ya chakula cha mchana imwagwe kwenye kifusi cha kujazia sakafu.

“Jiwe gumu zaidi ndilo jiwe bora.”

Nusu kweli. Mlima Kenya ni volkano iliyozimika zamani sana, na mawe yake ni ya namna nyingi. J. W. Gregory, mwanajiolojia aliyeupanda mwaka 1893, alilipa jiwe mojawapo la huko juu jina la mlima, kenaiti, na jiwe la jamii hiyo hiyo likaja kuonekana kwenye Mlima Erebus kule Antaktika. Lakini jiwe la kujengea halichaguliwi kwa umaarufu wake. Mawe mengi yanayokatwa kwa mashine nchini Kenya, yakiwemo yale ya Ndarugu huko Kiambu, ni majivu ya volkano yaliyoshikana. Ni laini kiasi, hukatika vizuri, na vitundu vyake huishika mota barabara. Jiwe zito la lava iliyoganda ni imara kwa msingi na kwa kujazia sakafu, ila uso wake ukiwa laini kama kioo mota hupata shida kulishika, na fundi hulichonga kwa tindo siku nzima.

Ligonge kwa nyundo. Likilia wazi, ni zima. Likitoa sauti butu, lina ufa ndani au limeoza. Uliza pia vipimo kabla ya kulipa: mawe huuzwa kwa futi, na tisa kwa tisa au sita kwa tisa, yaani inchi, husemwa kwa wepesi mno. Jiwe la tisa likiwa nane na nusu upande mmoja, tofauti hujazwa kwa mota, na mota ndiyo ghali.

“Jiwe liloweshwe kabla ya kulazwa.”

Kweli, kwa jiwe lenye vitundu na kwa tofali la kuchomwa. Likiwa kavu hufyonza maji ya mota papo hapo. Utaliona fundi akiliweka: mota inabadilika rangi ukingoni, inapauka, na jiwe halisogei tena hata likigongwa kwa mpini wa mwiko. Liloweshwe, liachwe uso ukauke kidogo, ndipo lilazwe. Kwa tofali la simiti ni kinyume. Likilowa huvimba kidogo, na likikauka ukutani hunywea na kuleta nyufa. Tofali hilo hulazwa likiwa kavu.

“Viungo vya wima visifuatane.”

Kweli, na hakuna kanuni ya zamani kuliko hii katika kazi ya mwashi. Kila kozi, yaani kila mstari wa mawe, ikalie viungo vya kozi iliyo chini, na jiwe la juu lipite kiungo cha chini kwa robo ya urefu wake au zaidi. Nusu ni bora. Viungo vya wima vikipangana kutoka chini hadi juu, una nguzo zilizosimama bega kwa bega bila kushikana.

Mwangalie fundi mzuri anavyoanza. Halazi mawe kutoka mwanzo wa ukuta hadi mwisho. Huanza na kona. Huhakikisha kona ni mraba kwa kupima futi tatu upande mmoja, nne upande mwingine, na kuona kama kutoka ncha hadi ncha ni tano kamili. Hupandisha kona mbili kwa kozi tatu au nne kwa ngazi, kila jiwe akilipima kwa timazi na pimamaji. Ndipo huvuta uzi kati ya kona hizo, uzi mkavu ulionyooka bila kulegea, na kulaza mawe ya katikati kwa kuufuata. Jiwe lisiguse uzi. Likiugusa linausukuma, na jiwe la pili linaufuata, hadi ukuta unakuwa na tumbo. Fundi akiniambia ana jicho zuri, hahitaji uzi, huwa namwomba kwa heshima autumie hata hivyo.

Unene wa kiungo uwe milimita 10 hadi 15. Kiungo cha inchi nzima kinaficha jiwe lililokatwa vibaya na kunywa simiti.

“Ufa ni kosa la fundi wa ukuta.”

Mara nyingine. Lakini ukishuka kutoka Timau kuelekea tambarare za Laikipia unakutana na udongo mweusi unaonata, ule unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka ardhi ikikauka. Msingi uliolazwa juu yake hupandishwa na kushushwa kila msimu, na hakuna ukuta unaovumilia hilo. Udongo huo uchimbwe hadi kufikia ardhi ngumu, hata kama ni mita moja na nusu na mfuko unalia. Ukiwa mnene mno kwa kuchimbwa, mwite mhandisi kabla ya kununua jiwe la kwanza.

“Lipu ya simiti huzuia unyevu.”

Si kweli. Unyevu hupanda kutoka ardhini ndani ya jiwe lenye vitundu, na kinachouzuia ni dipisi, utando wa lami au nailoni nzito unaotandazwa juu ya ukuta wa msingi, angalau milimita 150 juu ya ardhi, ukipishana kwenye maungio na bila tundu. Pasipo dipisi, lipu ya simiti hufunga maji ndani, yakapanda juu zaidi kutafuta pa kutokea.

Pwani wamelijua hili kwa uchungu. Fort Jesus ya Mombasa, iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, na nyumba za Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar, ni za mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa, bila chembe ya simiti. Hati ya kwanza ya uvumbuzi wa simiti aina ya Portland ilitolewa Uingereza mwaka 1824. Chokaa hupumua: maji yanaingia, maji yanatoka. Nyumba nyingi za zamani zilipokuja kupigwa lipu ya simiti, unyevu na chumvi vilinaswa nyuma yake, mawe yakaanza kumomonyoka ndani huku uso ukionekana mpya. Mafundi wa ukarabati huko sasa huiondoa simiti na kurudisha chokaa. Kwa Timau funzo lake ni dogo na la kutumika: kuchanganya chokaa kidogo katika lipu huifanya iwe laini mwikoni na isipasuke ovyo.

“Nyumba ya mawe isiyo na ghorofa haihitaji chuma.”

Si kweli. Mawe hustahimili kukandamizwa, hayastahimili kuvutwa. Ukanda mwembamba wa chuma unaolazwa ndani ya mota kila kozi ya pili hufunga kona na mahali kuta mbili zinapokutana, na bei yake ni ndogo ukilinganisha na jiwe. Juu ya madirisha na milango pitisha bimu ya zege inayozunguka nyumba nzima bila kukatika, yenye nondo ndani. Bimu hiyo hubeba mzigo juu ya nafasi za madirisha na kuzifunga kuta zote pamoja. Zege likiwa bado bichi, pandikiza humo vipande vya chuma vya kuja kufungia mbao za paa, kila baada ya mita moja hivi, kwa maana upepo wa huku hunyanyua mabati kuanzia chini ya upenu, na paa lililokalia tu ukuta bila kufungwa halina kinacholishika.